Kanda ya Kumi na Saba

Kabati lilikuwa wazi na kufuli yake ikining'inia, nzima, haina mkwaruzo. Kwenye rafu ya juu kanda za kaseti zilikuwa zimepangwa kwa nambari, moja hadi thelathini na nane. Kati ya kumi na sita na kumi na nane palikuwa na pengo.

"Ni hiyo moja tu iliyoibwa?" Inspekta Muthama Nzivo aliuliza.

"Moja tu," alijibu Dakta Nzisa Kitonga.

Muthama alitazama huku na huku. Kinasa sauti kilikuwa mezani. Spika mbili kubwa zilisimama jukwaani. Vitu hivyo vingepata mnunuzi katika soko la Gikomba kabla ya chai ya saa nne, na mwizi alikuwa amevipita kama mawe ya njiani.

"Nieleze, Daktari. Kanda hizi ni za nini?"

Nzisa alikuwa mhadhiri wa historia. Alieleza kwamba mwaka wa themanini na saba, profesa wake, sasa marehemu, alizunguka mitaa ya Pumwani na Majengo akiwahoji wazee. Akaandika kitabu cha Kiingereza, kanda zikafungiwa chuoni. Miaka tisa baadaye wafadhili wa ng'ambo wakakubali kushirikiana na chuo, kwa sharti kwamba utafiti utoke vyuoni uwarudie wenyewe. Jumamosi hiyo, katika ukumbi huu wa Majengo, wangefungua maonyesho ya picha, na sauti za wazee zingechezwa watu wa mtaa wazisikie.

"Na kumi na saba ni sauti ya nani?"

"Sijui. Profesa aliwaahidi kwamba atawafichia majina. Orodha alikufa nayo. Kuna lebo tu: mwanamke, mkaazi wa Majengo."

"Anasema nini?"

Nzisa alishusha sauti. "Anasimulia msako wa mwaka wa hamsini na nne, Wazungu walipowazoa Wakikuyu mjini na kuwapeleka vizuizini. Alikuwa amemficha mwanamume nyumbani kwake. Askari walipoingia, akawaonyesha alipo. Ndicho kisa kizito kuliko vyote. Ndicho tulichotaka kufungulia."

Muthama aliandika. Kisha akatoka nje kutazama dirisha.

Kioo kimoja kilikuwa kimevunjwa. Ndani, chini ya dirisha, hapakuwa na hata chembe. Vigae vyote vilikuwa nje barazani. Aliyekivunja alikuwa ndani, akitaka waje kudhani ameingilia hapo. Lakini jambo lililomfanya Muthama achutame ni jingine. Vigae vilikuwa vimefagiliwa, vikakusanywa fungu moja pembeni ya ukuta na kufunikwa kwa kipande cha gunia.

"Nani amefagia hapa?" alimuuliza Mulama, bawabu wa ukumbi.

"Nimevikuta hivyo hivyo, afande. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, saa kumi na mbili unusu. Sijagusa kitu."

"Jana jioni nani alitoka wa mwisho?"

"Dakta na fundi wa spika walitoka saa kumi. Nikaenda msalani na kununua sigara. Niliporudi nikafunga lango."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Hutundikwa ofisini, nyuma ya mlango. Kila anayefanya kazi hapa anajua."

Muthama hakuwahi kuona mwizi anayesafisha alikoiba. Alimwendea fundi wa spika, kijana wa Kaloleni aliyekuwa akikunja nyaya.

"Jana mlijaribu mitambo?"

"Ee, afande. Tulicheki saundi tu, dakika mbili hivi."

"Kwa kanda gani?"

"Ile ya mathee flani. Sauti ilikuwa imetoka fiti kuliko zingine."

"Nambari kumi na saba, ya yule mwanamke," Nzisa akaongeza polepole, kana kwamba ndio kwanza anaisikia.

"Nani mwingine alikuwa humu?"

"Hakuna," Nzisa alisema. Kisha akasita. "Labda mama wa usafi. Alikuwa akipiga deki. Aliacha ndoo katikati ya ukumbi akaondoka. Nilidhani amechoka."

Muthama alimtazama. "Daktari, mlificha jina. Sauti je?"

"Hatukufikiria sauti," Nzisa alisema. "Chuoni hakuna aliyemjua."

*

Mama wa usafi, Perez Nabiswa, alikuwa na miaka sitini na minne. Alifika kituoni kwa miguu yake, kitambaa kichwani, mikono ikinuka sabuni ya kipande. Muthama alimsogezea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Baada ya Dakta kutoka?"

"Kazini."

"Uliona dirisha likivunjwa?"

Perez alitazama meza.

"Mama, aliyevunja kile kioo alifagia vigae. Akavifunika gunia. Kwa nini mwizi afanye hivyo?"

Perez alisema, "Watoto wa chekechea hupita pale asubuhi. Wengine hawana viatu."

Muthama aliweka kalamu chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hii, na mara nyingi dakika kama hiyo ilimpa furaha ya siri. Leo haikuja.

"Kanda iko wapi?"

"Niliichoma jikoni kwa makaa. Ilitoa moshi mweusi, na harufu mbaya sana. Wacera akaja kuuliza ninachoma nini. Nikamwambia ndala iliyokatika."

"Wacera ni nani?"

"Ni jirani yangu. Ukuta mmoja, miaka arobaini na mitano. Ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza."

"Na yule mwanamume uliyemficha?"

Perez alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Ngatia. Mume wake."

Alisimulia bila kuulizwa tena. Wacera alikuwa sokoni asubuhi ile. Ngatia aliruka ua, akaomba ajifiche. Yeye Perez, kwa kuwa ni mtu wa Bungoma na si Mkikuyu, nyumba yake haikutarajiwa kupekuliwa. Akamficha nyuma ya magunia ya makaa. Askari wakaingia. Mmoja akamwinua mtoto wa Perez kwa mkono mmoja, kama kuku, akauliza, kuna nani hapa?

"Sikusema neno, mwanangu. Nilielekeza kwa kidevu. Hivi tu." Akakiinua kidevu chake kidogo, kuelekea pembe ya chumba. "Walimpeleka kizuizini Manyani. Hakurudi."

"Wacera hakujua?"

"Aliambiwa ni shemeji yake, Gicheru, ndiye aliyemsaliti. Sijui nani aliyezusha. Mimi nilinyamaza. Gicheru alikuja kujitetea, Wacera akamfukuza. Alikufa mwaka wa sabini na tisa, hata mazikoni Wacera hakwenda. Nami nilinyamaza."

"Kwa nini basi ukamwambia profesa?"

"Alisema kanda inakwenda chuo kikuu, itakaa huko. Nilikuwa nimebeba peke yangu miaka thelathini na mitatu. Nikaona, nitautua mzigo mahali ambapo haumwangukii mtu. Jana nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye ile spika. Na Wacera ameshaniambia tutakaa viti vya mbele Jumamosi."

"Kwa nini hukumwomba Dakta aitoe?"

"Angeniuliza kwa nini."

*

Nzisa alikuja saa nane. Muthama alimsomea taarifa ya Perez ofisini mwa kituo, neno kwa neno, na alipofika mwisho mhadhiri alikuwa ameketi akiwa amekumbatia mkoba wake.

"Nakala ya maandishi ninayo," alisema. "Alichoma bure. Tulisema tunawarudishia wenyewe, Inspekta. Hatukubisha mlango hata mmoja kuuliza kama wanataka."

"Unataka kuendelea na mashtaka?"

"La. Nafuta malalamiko."

Muthama alirudi kumwambia Perez aende nyumbani. Mama hakuinuka.

"Hiyo karatasi uliyoandika itasomwa na nani?"

"Hakuna. Mlalamikaji ameondoa kesi."

"Basi asante."

Nje, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani na chupa ya chai mapajani. Alisimama alipomwona Perez.

"Wamekusingizia nini hawa? Nimekaa hapa tangu saa tano."

Perez angeweza kusema lolote. Muthama, aliyesimama mlangoni, alijua angeweza, na kwa kweli alitamani aseme lolote. Lakini mama yule aliketi, akamvuta mwenzake mkono aketi pia, akaanza kwa Kiswahili chao cha Majengo, kwa sauti ya chini. Muthama alisikia magunia. Alisikia kidevu.

Wacera hakulia.

"Gicheru alikuja mlangoni mara tatu," alisema. "Mara ya tatu alikuwa mgonjwa, anashikilia ukuta. Ulikuwa umeketi barazani, Perez. Ulikuwa unachambua mchele. Uliniona nikimmwagia maji."

"Nilikuona."

Wacera aliinuka, akaweka chupa ya chai kwenye benchi kando ya mwenzake, akatoka bila kuaga.

*

Maonyesho yaliahirishwa wiki tatu. Nzisa alizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiwatafuta wenye sauti, akiwasikilizisha maneno yao na kuwaomba ruhusa. Wengi walikubali. Wanne walikataa, na kanda zao hakuzirudisha rafuni, aliwaachia wenyewe.

Muthama alihudhuria ufunguzi. Ukumbi ulijaa hadi barazani. Alimkuta Perez mlango wa nyuma, na fagio mkononi, ingawa hakukuwa na kitu cha kufagia.

"Wacera hakuja?" aliuliza, na mara akajuta kuuliza.

"Ameondoka leo alfajiri. Mkwewe amemchukua kwa gari, wanakwenda Murang'a kwenye kaburi la Gicheru. Nilimwomba niende naye." Alihamisha fagio mkono wa pili. "Aliniambia gari limejaa."

Muthama aliitikia kwa kichwa. Alfajiri hiyo, akielekea kazini, alikuwa amekutana na gari hilo penye njia panda. Wacera alikuwa mbele kando ya dereva, uso mbele. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu.

Hakumwambia.