Mwenza wa Kushoto

Glenys Pargeter anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mambo haya alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Ilikuwa asubuhi ya mwisho ya safari yao ya mferejini, ile njia ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua, yeye na mumewe Trevor. Wiki nzima walikuwa kwenye mashua ya kukodi, ndefu na nyembamba, inayokwenda taratibu hadi bata wanaipita. Trevor alikuwa amepasuliwa moyo miezi mitatu nyuma, na Glenys aliikubali safari kwa sharti moja: mzee asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe. Alichotaka ni kumrudisha nyumbani mzima, basi.

Walikula mayai na soseji, wakafungua kamba, wakashika njia. Mashua ilitakiwa kwa wenyewe saa nne. Kilichobaki ni handaki la Thornley, mwendo wa nusu saa gizani chini ya kilima. Trevor akapiga honi mlangoni kama ilivyo desturi, wakaingia.

Katikati, injini ikakohoa, ikazima. Kipande cha kamba kuukuu kilichokuwa majini kilikuwa kimejisokota kwenye rafadha, ile pangaboi ya chini inayoisukuma mashua. Simu hazikushika mtandao. Maji yalidondoka kutoka kwenye matofali ya juu, tone moja moja.

"Bibie, leo utaona kazi ya wanaume," Trevor akasema.

Huyu bwana aliijua historia ya mifereji kuliko ya ukoo wake. Zamani, mashua zilipovutwa na farasi, farasi alipitishwa juu ya kilima. Humu ndani watu wawili walilala chali kwenye ubao uliokingamishwa mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakaisukuma mashua kwa kutembeza miguu ukutani.

"Na moyo wako je?"

"Hii kazi ya miguu. Moyo unaingiaje hapo?"

Glenys alipaswa kukataa. Mpaka leo anajilaumu kwa hilo. Lakini baridi ilikuwa kali, naye alitamani kutoka. Trevor akachukua ubao wa kupandia mashua, akaukingamisha mbele, akavua viatu vilivyokuwa vikiteleza, akalala upande wa kulia, akaanza. Mashua ikaenda mshazari, ikagonga ukuta wa kushoto. Akajaribu tena. Ikagonga tena. Glenys, kule nyuma kwenye usukani, alimsikia akihema.

"Niitie mwenzangu basi!" Trevor alicheka huku pumzi zikimkatika. "Ndivyo walivyokuwa wakiita: mwenza wa kushoto!"

Glenys hakucheka. Zile pumzi zilimtisha. Akaita kwa sauti yake yote, na kila neno alilimaanisha.

"Mwenza wa kushoto! Njoo umsaidie!"

Sauti ikaenda. Mwangwi haukurudi.

Mashua ikanyooka.

Alisikia miguu mitupu ya Trevor, kulia. Pa. Pa. Kisha kushoto, buti. Buti zenye misumari kwenye soli. Kra. Kra. Mashua, iliyokuwa ikiinamia upande wa Trevor, sasa ilikaa sawa.

"Trevor," akaita kwa sauti ndogo, "umechoka?"

"Wala! Kazi nyepesi, utadhani nasaidiwa."

Glenys alishika usukani kwa mikono miwili, akalia kimyakimya mpaka aliposikia ndege.

Nje ya handaki palikuwa na mashua ya Bi Hilda, bibi mmoja aliyezaliwa mferejini. Alikuwa akisuuza vikombe. Alipoutazama ule ubao, kikombe kilimponyoka. Akaja ukingoni upesi, akamwinamia Glenys.

"Huyo wa kushoto mmemtoa wapi?"

"Tuko wawili tu."

"Mlimwita?"

"Nilimwita mimi."

Bi Hilda akafumba macho. "Wale walifanya kazi wawili wawili, mwanangu. Kwenda na kurudi. Anayetoka na mwenzake hurudi naye. Nenda kamshike mumeo mkono. Usimwachie mpaka niwavute nje ya kivuli cha kilima hiki."

Glenys alikimbia mpaka mbele. Trevor alikuwa ameketi kwenye ubao, mashavu mekundu, kiganja cha moto. Akamshika.

"Vipi, unaniposa upya?" mzee akatania. "Nipe chai kwanza."

Glenys alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa naye. Alikuwa hai.

Bi Hilda akawasha injini, akaileta mashua yake mbele, akarusha kamba. Ilikuwa nene, imelowa. Ilitua miguuni pao, ikaanza kuteleza kurudi majini. Trevor akainama aidake.

"Acha, mzee, nzito hiyo," Glenys akasema, akamwachia, akaidaka yeye.

Akaizungusha kwenye kigingi cha mashua mara moja. Mara mbili. Akageuka.

Ubao mtupu. Maji hayakutikisika.

Wapiga mbizi walitafuta siku tatu, hawakupata hata kifungo. Walipomulika kuta za handaki ndipo walipoziona nyayo, mbichi, kwenye ukungu wa matofali. Kushoto, buti za misumari. Kulia, miguu mitupu. Kila upande ulikuwa na mistari miwili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kurudi ndani. Hakuna mashua iliyopita pale tangu ile ya Glenys. Katikati ya handaki, ule mstari wa miguu mitupu unaorudi ulikatika, na hatua moja ikageukia nje, kuelekea kwenye mwanga, kama ya mtu anayetaka kutoka. Na hatua hiyo, kwenye ukuta huohuo wa kulia, ilikuwa imekanyagwa kwa buti ya misumari.