Kaya Iliyolala Mchana

Paskalina alikuwa jirani wa marehemu bibi yangu, na hakuwa mwanamke wa kuzusha mambo. Jumapili moja ya mwaka 1951, siku tulivu kabisa, alikuwa akitwanga mtama kijijini kwao, mwendo wa nusu siku kutoka Geita, mumewe Ngassa alipotokea njiani kwa miguu yake mwenyewe. Wiki iliyotangulia zilikuja habari kwamba mgodi wa dhahabu wa Geita umeporomoka na kuwafukia watu wa zamu ya usiku, Ngassa akiwa mmoja wao. Paskalina aliutupa mchi, akalia kwa furaha.

Ngassa alikuwa amechimba zamu ya usiku miaka mitatu, kwa hiyo alilala mchana kutwa. Hakuna aliyeshangaa. Wake wa wachimbaji wote wanajua kuwa mume wa zamu ya usiku hurudi nyumbani akiwa popo. Jua likizama, Ngassa alitoka nje akijinyoosha na kuwasalimu majirani, "Mwangaluka!" Hiyo kwa Wasukuma ni salamu ya asubuhi. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Kisha kuku nao wakaanza. Kulipopambazuka walipanda kulala. Magharibi wakashuka kuparua. Ng'ombe wakajilaza saa za malisho, na fimbo haikuwainua. Mama mkwe, Mageni, akawa anamwitikia mwanawe jioni, "Mwangaluka," na sasa hakuwa akitania.

Yote hayo Paskalina aliyavumilia. Lakini binti yake Klara, wa miezi minane, alipoanza kulala tangu macheo, kisha akafumbua macho gizani na kuichekea kona tupu, uvumilivu ulimwisha. Mchana alimtikisa, akampaka maji usoni. Mtoto hakuamka.

Akaenda kwa mganga Mihayo, kijiji cha pili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Mumeo alirudi lini?"

"Mwezi na nusu sasa. Ni mazoea ya zamu tu, babu."

Mzee akashusha sauti. "Nimewatibu wachimbaji wengi. Mtu aliye hai, hata akae chini ya ardhi miaka kumi, akiota jua siku saba nane, usingizi wake unarudi mahali pake. Jua lenyewe humrudisha. Huyo wako jua halimjui tena."

"Na mwanangu?"

"Bado hajachukuliwa. Mtoe pale. Toka naye saa sita mchana. Ndio usiku wao wa manane."

Kesho yake jua lilisimama utosini. Kaya nzima kimya. Kuku juu ya kijiti chao cha kulalia, macho wamefumba. Mbwa amejikunja. Mageni anakoroma. Paskalina akaingia chumbani akinyata, jasho linamtiririka.

Klara alikuwa amelala juu ya kifua cha baba yake, mkono wa Ngassa umemzunguka. Paskalina akauinua ule mkono. Wa baridi. Akamchukua mtoto. Hatua moja. Ya pili.

"Mama Klara," Ngassa alinong'ona, macho yamefumbwa. "Mbona unatembea usiku?"

Paskalina akamkaza mtoto kifuani. Alitoka mbio, jua lote lile linamwakia, naye anaogopa kama mtu aliye gizani.

Lori la pamba lilimsogeza mpaka Kahama, miguu ikamfikisha Ushetu kwa mama yake, Philomena. Kila siku walimkalisha Klara juani. Siku ya nane mtoto aliamka na jogoo, akalia kwa njaa. Paskalina hakuwahi kufurahia kilio kiasi kile.

Akampa titi. Halikuwa na kitu.

Mchana kutwa maziwa hayakutoka. Jua lilipozama tu, yakamjaa yakalowesha nguo. "Uchovu huo, mwanangu, yatarudi," Philomena alisema, akamkorogea mjukuu uji. Ikawa hivyo siku zote: mchana uji, usiku Klara ananyonya. Paskalina angefanyaje? Mtoto alikuwa anataka titi la mama yake.

Asubuhi moja Philomena alikuwa akimwosha mjukuu uso. Akamwita binti yake, kwa sauti ndogo sana. Kitambaa cheupe alichomfutia mtoto maziwa ya usiku midomoni kilikuwa na vumbi la kijivu, laini, lenye chembe zinazometameta. Vumbi la mawe yaliyosagwa, kama la mgodini.

Katika kijiji kile chote hapakuwa na jiwe hata la kunolea panga.