Mkate wa Zebiniso

Oydin alirudia birika lake la chai. Hilo tu ndilo lililomrudisha kwenye karakana ya hariri, jua la mji wa Margilan likizama, wafumaji wenzake wameshakwenda zao. Moyo mweupe. Kesho anatimiza miezi mitatu ya majaribio, anaandikwa kazi ya kudumu, na masimango ya mama mkwe yanakoma. Mume yuko Urusi, kimya. Bila kazi ile, wanawe wangekula nini?

Akashika mlango. Ndani kulikuwa na sauti.

Tak... tak... tak...

Mtambo wake. Unafuma.

"Wifi Sabohat?" akanong'ona. Sabohat, dada wa mumewe, ndiye msimamizi pale, ndiye aliyemwingiza kazini.

Sauti ikakatika. Kisha harufu ikamjia... mkate wa moto, kama umetoka tanuri sasa hivi. Na pale hapana tanuri.

Juu ya mtambo, msumarini, ulining'inia mkate wa Zebiniso. Zebiniso alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Sabohat, yatima, kalelewa naye. Mtambo ule ulikuwa wake. Siku moja kabla hajamaliza majaribio, shangazi mtu akamfukuza, apate pa kumweka Oydin. Binti hakulia. Akatoa mkate, akaung'ata mara moja kama ang'atavyo mtu anayesafiri, akasema, "Nitundikie, shangazi. Mie sina ukuta mwingine." Na kwao mkate wa msafiri hautupwi, hutundikwa ukutani, unamngoja mwenyewe aje aumalize. Sabohat akautundika huku anacheka. Zebiniso hakuonekana tena.

Sasa ule mkate ulikuwa umeliwa. Kimebaki kipande kidogo, cha kung'ata mara moja tu.

Alama za meno zilikuwa mbichi. Zimelowa mate.

Oydin hakukumbuka birika. Alikimbia mpaka kwa Sabohat.

"We mwanamke, umefukuzwa na mbwa?" Sabohat akamcheka mlangoni.

Oydin akamweleza. Kicheko kikafa.

"Kimebaki kipande kimoja?"

"Kimoja, wifi."

Sabohat akamvuta ndani. "Kesho usije kazini."

"Wifi! Imebaki siku moja!"

"Zebiniso akija akakukuta umekalia kiti chake, atauliza kakuweka nani." Sauti ikashuka. "Nakuomba. Sema umeacha mwenyewe."

"Kwa hiyo na mimi unanifukuza? Kama yule?"



Hofu ikamtoka Oydin, hasira ikaingia. Kwenye kitambaa cha chakula kilichotandikwa palikuwa na mkate mzima. Akaunyakua.

"Oydin, usifanye hivyo... Oydin!"

Akaung'ata. Akautia mkononi mwa wifi yake.

"Nitundikie. Palepale."

Asubuhi wafumaji walimkuta Sabohat amekaa mtamboni, anafuma. Haitikii salamu. Mkate wa Zebiniso haukuwepo. Msumarini ulining'inia wa Oydin.

Mpaka leo Sabohat anafuma. Ukimgusa bega anasema maneno yaleyale tu, polepole:

"Namshikia mwenyewe kiti."

Yupi kati ya wale wawili, hasemi.

Oydin hajakanyaga tena pale. Lakini kila jua likizama, amekaa kwake na hana kitu mkononi, taya zinaanza kutafuna zenyewe. Mdomoni ladha ya mkate mkavu... na vumbi la hariri.

Na hathubutu kumtuma mtu akaangalie mkate wake umebaki kiasi gani.