Jicho la Bibi Zipora

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Loisi alinawa uso kwa maji ya kibuyu, akiyamimina kidogo kidogo yasipotee bure. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Shangazi Lydia, nesi wa zahanati ndogo karibu na reli pale Zuzu, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. "Nzi wa Ugogo hawana adabu," Shangazi alizoea kusema. "Uso mchafu kwao ni karamu."

Sasa Shangazi hakuwapo tena. Homa ya mapafu ilikuwa imemchukua, na asubuhi hii ya Agosti 1954, Waingereza wakiwa bado wanatawala Tanganyika, ilikuwa siku ya arobaini yake. Wanawake walisonga ugali wa uwele uani, na wageni waliingia kutoka kila upande. Kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Huyu alizalishwa na Lydia, yule mtoto wake aliuguzwa surua akapona. Loisi, binti wa miaka kumi na miwili, aliwamiminia maji ya kunawa huku ameinamisha kichwa. Kila sifa ilimchoma, maana moyoni alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulisema.

Mwezi wa Desemba uliopita, Shangazi alimkabidhi tyubu ya dawa ya macho iliyoletwa na treni kutoka mjini. Zahanati ilikuwa imejaa watoto wenye surua, naye hakuweza kutoka.

"Mpelekee Bibi Zipora ng'ambo ya korongo," alimwambia. "Jicho lake la kulia lina kidonda. Aanze kupaka leo leo, Loisi. Kesho ni mbali."

Njiani Loisi aliwakuta wenzake wakicheza rede. Mchezo mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu, na jua likazama dawa ikiwa bado kikapuni.

"Umefikisha?" Shangazi aliuliza jioni ile.

"Nimefikisha, Shangazi."

Alijiambia kwamba ataipeleka alfajiri. Nani atajua? Lakini usiku mvua kubwa ilinyesha, na kulipokucha korongo lililokuwa kavu tangu Mei lilikuwa likinguruma kwa maji mekundu. Halikuvukika kwa siku nne. Siku ya tano Shangazi alivuka kwenda kumtazama mgonjwa wake, naye Loisi akakosa ujasiri wa kufungua mdomo.

Shangazi aliporudi hakugomba. Alinyoosha mkono tu. "Nipe dawa." Loisi akaitoa chini ya mkeka, haijafunguliwa hata kifuniko.

"Jicho limekufa," Shangazi alisema. Kisha akaongeza, "Kumwambia Bibi ni kazi yako. Sitakuburuta, lakini usingoje mpaka tuzeeke."

Loisi aliahirisha wiki, akaahirisha mwezi, hata Shangazi akafa.

Baada ya chakula, Bibi Zipora alisimama akiegemea fimbo yake. "Mbukwenyi!" aliwaamkia watu, nao wakaitika. "Nitasema kweli, maana marehemu hakupenda uongo. Lydia alinitibu miaka mingi, lakini binadamu hakosi kosa. Jicho hili lilipotea kwa sababu dawa yangu ilichelewa. Alikuja kwangu akapiga magoti. Akasema, 'Mama, dawa nilikabidhiwa mimi, na haikufika. Kosa ni langu.' Nami nikamsamehe."

Watu waliguna. "Kumbe hata yeye alisahau wagonjwa!" mwanamke mmoja alinong'ona.

Birika lilimtoka Loisi mikononi. Hakuwa amejua kwamba Shangazi alimpigia mtu magoti kwa ajili yake. Angeweza kunyamaza, kwani marehemu hasemi. Lakini sasa jina la Shangazi lilikuwa linachafuliwa palepale mbele yake, kwa kosa lake yeye.

"Bibi, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Shangazi hakusahau. Alinipa mimi dawa, nikacheza rede hadi jioni. Nikamdanganya kwamba nimefikisha. Kisha korongo likajaa."

Baba yake Loisi, mzee Yotham, aliyekuja kwa arobaini ya dada yake, aliinuka kwa hasira, lakini Bibi Zipora alimzuia kwa fimbo. Akamsogelea Loisi, akamtazama kwa jicho lake moja.

"Sitakuambia si kitu," alisema. "Ni kitu. Siku hizi nikishona, uzi hauingii kwenye sindano." Loisi alilia kwa kwikwi. "Lakini nikuulize. Jioni ile uliposema 'nimefikisha', korongo lilikuwaje?"

"Lilikuwa kavu, Bibi."

"Basi ungesema kweli, Lydia angevuka usiku uleule. Watoto hucheza, hilo nalijua. Si mchezo uliolipofusha jicho langu, ni uongo." Akawageukia wageni. "Nanyi mmesikia. Lydia hakusahau mgonjwa. Sikilizeni, watoto: ukikosea, sema kabla mvua haijanyesha." Kisha akamshika Loisi bega. "Umelirudisha jina la shangazi yako mbele ya watu. Hilo nimeliona kwa jicho lililobaki. Kesho njoo unitungie uzi."

Loisi alijifuta machozi, akauchukua mfuko wa Bibi na kumshika mkono.

"Nitakuja leo leo, Bibi," alisema. "Kesho ni mbali."