Pini za Pima-Tena

Bisha. Bisha sasa hivi, maana nikishaanza hutapata nafasi. Mimi shule niliikimbia darasa la sita, lakini kwa kusimulia hakuna mwalimu anayenifikia, na hili lilitokea mchana kweupe, dukani kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Pima-Tena.

Jina walimpa wateja. Anakupima kiuno, anaandika, umeshavaa viatu uondoke, anakuita: "Ngoja kidogo ndugu yangu, nipime tena." Kichwa chake hakikuwa na swichi. Akila anawaza, akioga anawaza. Na zaidi ya yote aliwaza pasi. Mwaka uliopita pasi ya duka iliachwa ikiwaka, moto ukapanda hadi chumba cha juu alikolala mama yake mzazi, na mama hakutoka. Tangu siku hiyo: "Niliizima? Nilichomoa waya? Au ni mimi niliyemuua?"

Mumewe, fundi rangi, alishachoka kumjibu. "Mke wangu, pumzisha kichwa. Hata redio huzimwa."

Ndipo nyumbani wakamletea sanamu la kuvalisha nguo, kifua na mabega tu, kitambaa cha kijivu, shingo iliyokatwa. Akaambiwa: wazo likikusumbua, linong'oneze pale shingoni, kisha choma pini.

Akacheka. "Niongee na mtu asiye na masikio?"

Lakini alipobaki peke yake alijaribu. Alinong'ona kuhusu upindo wa sketi aliodhani umekwenda upande, akachoma. Pini ikazama yenyewe, taratibu, kikabaki kichwa chake chekundu juu ya kitambaa kama chunusi. Na ndani ya kichwa cha fundi kukawa kimya. Alikaa kitini akakisikiliza kimya hicho, machozi yakamtoka kwa raha.

Wiki hiyo alilala fofofo. Alikata vitambaa bila kupima tena, wateja wakashangaa. Hakujali kwamba mwenye sketi alipokuja, yeye hakumkumbuka mtu wala sketi. Hakujali kwamba kifua cha sanamu kilikuwa na joto, wala kwamba duka lilinuka kitambaa kilichoungua ilhali pasi ilikuwa baridi. Wazo la pasi tu hakuthubutu kulichoma. Aliona ni kama kumzika mama yake mara ya pili.

Kosa lake likawa kosa la fundi: alidhani kinachofaa nguo kitafaa na watu. Akanong'ona kuhusu mumewe, anayerudi kutoka kazini na brashi kavu. Pini. Kuhusu binti yake wa miaka minane, anayelia kila asubuhi akivaa sare. Pini.

Jumamosi adhuhuri binti aliingia na chupa ya chai. "Mama, chai yako."

Fundi akamtazama. "Wewe ni mtoto wa mteja gani?"

"Mama, acha bwana."

"Nakuuliza kwa adabu. Mama yako yuko wapi?"

Na kabla mtoto hajajibu, kutoka kwenye ile shingo iliyokatwa ikaja sauti, sauti ya Pima-Tena mwenyewe, ya chini, ya mtu anayemwambia mwenzake siri: "Mama yake ninaye mimi."

Chupa ikaanguka, mtoto akakimbia akimwita baba yake, na baba alipofika, rangi nyeupe ya woga usoni, akamkuta mkewe amekaa katulia, mikono mapajani, akitabasamu kwa adabu kama anavyotabasamia wateja, huku nyuma yake kile kifua cha kijivu kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama cha mtu aliyeshiba.

"Usiliguse," alinong'ona baba. "Njoo nyuma yangu."

Wakamwita mganga, mwanamke mmoja mfupi waliyemwita Bi Kikohozi. Alilinusa lile sanamu, akakohoa, akasema, "Hili jini halili watu. Linakula wasiwasi. Na wasiwasi ndio uzi aliowashonea nyinyi moyoni mwake. Sasa kila mtu achomoe pini yake, aseme ukweli ambao fundi alikuwa anautafuta. Ukidanganya, haitoki."

Mume akashika. "Mke wangu, niliachishwa kazi miezi mitatu sasa. Nashinda nimekaa kwenye benchi, jioni narudi."

Pini ikatoka. Fundi akapepesa macho. "Miezi mitatu? Na kila siku nakufungia chakula cha kazini!" Alimkumbuka, na cha kwanza alichokumbuka kilikuwa hasira.

Binti akashika yake. "Mama, wenzangu wananifungia chooni. Niliogopa utawaza sana."

Pini ikatoka, na mama akamvuta kifuani akilia. Pini za nguo zikadondoka zenyewe. Sanamu likashusha pumzi ndefu, likanywea. Bi Kikohozi akalifunga shuka, akaondoka nalo. Fundi akarudi kupima tena. Imeisha.

Mbona hubishi? Basi bishia hili, maana nililiruka.

Pima-Tena ana mdogo wake wa kiume. Sanamu alilileta yeye. Ndiye mimi.

Siku ya moto nilikuwa nanyoosha suruali yangu, wenzangu wakaniita nje, nikatoka mbio. Maneno mawili, "ni mimi," yangemtuliza dada kuliko jini lolote. Nikaona jini ni rahisi zaidi. Kisha nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akinong'ona: "Mbona mdogo wangu hanitazami usoni tangu tumzike mama?" Pini.

Bi Kikohozi aliuliza mara tatu, "Mwenye hii moja yuko wapi?" Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mdomo wangu huu wote. Akaondoka nayo.

Bado anajiuliza kuhusu pasi. Jana niliingia dukani. "Karibu, mteja," akasema. Akanipima mabega, akapima tena, akasita.

"Una mabega ya marehemu mama yangu," akasema. "Wewe huna dada?"

Nikamwambia sina.