Honi ya Mtaa wa Nne

Jumamosi soko la kando ya reli lilikuwa limefurika, kama kawaida ya mji ule wa Nebraska. Lorna Vasek, nesi wa zamu ya usiku, alikuwa akiwaomba watu saini, gauni lake la manjano limefungwa vifungo mshazari. Asiyelala hana muda wa kujiremba.

Mwanamume mrefu, jamu ya plamu mdomoni, akasimama. "Saini za nini, dada?"

"Treni zisipige honi hapa mjini. Baraza liweke vizuizi kamili kwenye vivuko vya reli, honi isihitajike tena, nasi tulale. Mimi nalala mchana, Mtaa wa Nne, ubavuni mwa reli."

"Nipe kalamu. Na vifungo vyako vimepishana."

"Najua. Weka saini."

Alikuwa Dwight Ostergren. Alisema anafanya kazi relini. Lorna akadhani ni fundi wa mataruma, naye hakumsahihisha. Mwezi mzima wakacheza dansi, wakala pai, wakapigiana simu.

"Kipenzi," Lorna alilalamika siku moja simuni, "kuna dereva wa treni mwendawazimu. Honi mbili ndefu, moja fupi, halafu ya mwisho anaivuta kama anamlilia ng'ombe wake. Dirishani kwangu, asubuhi."

"Ni mimi, Lorna. Sheria inanilazimu kupiga. Nikaona ile ya mwisho niivute kwa ajili yako."

"Unanisalimia nimelala? Na saini yako je?"

"Ulikuwa umependeza."

"Mwongo wewe." Akakata simu.

Baraza likakubali: vizuizi vikawekwa, honi zikapigwa marufuku. Majirani wakachoma nyama kushangilia. Lorna akafunga pazia, akajilaza. Treni ikapita kimyakimya. Akageukia ukutani, akageukia dirishani. Kesho yake vilevile. Alichokipigania alikipata, na usingizi ukamkimbia.

Akampigia Dwight. "Ulipita leo?"

"Nilipita. Nilikupungia mkono, pazia likaninyima."

"Silali, Dwight."

"Nikipiga honi nitafutwa kazi, mpenzi."

"Nani kataka honi? Njoo mwenyewe."

"Ninakoroma. Mama alinihamishia ghalani."

"Kukoroma baraza halijakataza."

"Nije kwa muda gani?"

"Lete nguo zote. Na pete, mama yangu asipate la kusema."

Jioni Dwight alifika na sanduku, pete, na maandazi ya plamu. Hakubisha hodi. Alisimama kibarazani, akapiga honi kwa mdomo: mbili ndefu, moja fupi, na ya mwisho akaivuta mpaka Mtaa wa Nne mzima ukafungua madirisha.