Kitenge Tulichomshonea Wakili Wetu

Nina umri wa miaka ishirini na miwili. Ni fundi cherehani hapa Malvern, Johannesburg. Shule niliishia darasa la tano, kule Burundi, kwa hiyo naandika polepole. Tena ni mtu wa aibu; mteja akinisifu, natazama chini. Lakini jambo hili limenikaa kifuani tangu uchaguzi wa mwaka huu wa 2014, na nimeona heri niliandike kuliko linimalize...

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, kaka yangu Désiré na mimi. Mama anauza mboga kando ya Jules Street. Désiré alikuwa mlinzi wa magari Newtown. Baba aliuawa kwetu kwa ajili ya shamba, na waliomuua bado wanaishi kwenye shamba hilo. Ndiyo sababu tulikimbia.

Mwaka 2008, wenyeji walipowageukia wageni, kundi la vijana lilifika kwenye geti letu na marungu. Aliyetuokoa ni wakili Thandeka, jirani yetu. Ni mwenyeji, amekulia hapahapa mtaani. Alitoka na kanga ya kulalia na ndala miguuni, akasimama getini peke yake, akawaita wale vijana mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Wakaona aibu, wakaondoka!

Tangu siku ile alikuwa wetu. Alikuja kula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, kwa mama, kwa mkono, bila maringo. Alimwita mama "Ma". Mama alimwita "binti yangu". Wageni wengi wa Malvern, Waburundi na Wakongo, shida zao walizipeleka ofisini kwake, juu ya duka la magodoro.

Mwanzoni mwa mwaka huu, Désiré alikamatwa kwenye robot, taa za barabarani, akivuka barabara. Kibali chake kilikuwa kimeisha, na kila alipokwenda kupanga foleni alirudishwa. Walimpeleka kule wanakofungiwa watu wa kurudishwa makwao. Mama alianguka chini palepale anapouzia, mchicha wake ukamwagika barabarani...

Wakili Thandeka alikuja siku hiyohiyo. Alimshika mama mabega akasema, "Ma, futa machozi. Mahakamani nitasimama mimi mwenyewe. Désiré ni mdogo wangu."

Tulimwamini. Nani asingemwamini?

Wakati huohuo chama chake kilimweka agombee bunge la jimbo. Picha zake zikajaa kwenye nguzo zote za Jules Street. Sisi hatupigi kura, lakini tulifurahi kama ni sisi tunaokwenda bungeni!

Kwetu mtu akipanda cheo, wanawake wa upande wake hawakai nyumbani. Wanashona sare ya kitenge kimoja, wanaingia wakiimba, na wanamvika yeye kipande cha kitenge kilekile. Maana yake: huyu ana watu, msidhani yuko peke yake. Basi mama na wenzake wakaamua kumfanyia hivyo kwenye mkutano wake, Jumamosi, katika ukumbi wa Malvern. Wakanunua kitenge cha zambarau chenye ndege weupe, na kazi ya kushona nikapewa mimi.

Kibanda changu kilijaa vicheko wiki ile. Mama Furaha, msusi Mkongo mwenye mwili wake, hakuacha kunichokoza.

"Fundi, bana hapa kwa kiuno! Wazulu waone vile Kongo iko!"

"Nikibana zaidi, mama, hutapumua."

"Nitapumua Jumapili!"

Nilijaribu kuuliza kama si vizuri tumwambie wakili kwanza. Mama Furaha akanishangaa. "We mtoto! Mtu anaulizwa kama anataka heshima?"

Mama naye akacheka. Tangu Désiré akamatwe, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nikaendelea kushona.

Jumamosi ilifika. Ukumbi ulijaa. Wakili alikuwa jukwaani na wakubwa wa chama chake, anazungumzia ajira na umeme. Mlango ukafunguliwa, akina mama wakaingia katika sare zao, wanaimba Kiswahili, wanapiga vigelegele. Mama mbele, amebeba kipande cha kitenge juu ya mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Mimi nilibaki ukutani.

Watu wengine walipiga makofi. Kisha mwanaume mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti kwa Kizulu: kumbe unakwenda bungeni kwa ajili ya makwerekwere! Ndivyo wanavyotutukana sisi wageni. Ukumbi ukacheka. Wengine wakaanza kuzomea. Wakubwa wa chama wote wakageuka kumtazama wakili.

Mama alikuwa amefika chini ya jukwaa, ameinua kitenge.

Wakili Thandeka alimtazama. Akawatazama wakubwa wake. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kizulu: "Angibazi laba bantu." Siwajui watu hawa.

Yule aliyekula kwenye sahani yetu! Yule aliyesimama getini na ndala!

Mimi Kizulu nakijua, nilikua nacho mtaani. Mama, nilidhani, hakijui kwa kiasi kile, kwa sababu aliendelea kutabasamu. Walinzi walikuja kuwasukuma, na yeye akaendelea kucheza, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, anapiga vigelegele, kitenge bado mikononi... Nje akaniuliza wakili amesema nini. Nikamwambia, "Ametushukuru, mama."

Akanitazama kidogo. "Vizuri," akasema.

Siku ya kesi tulifika mahakamani mapema. Wakili hakuja. Simu yake haikupokelewa. Tulipompigia msichana wa ofisini kwake, alisema wakili yuko kwenye kampeni na kesi za wageni amezisimamisha kwa sasa. Kwa sasa! Désiré aliingizwa, akageuka huku na huku kumtafuta. Jina lake likaitwa, wakauliza nani anamsimamia. Mimi mwenye aibu nikasimama, nikasema ni kaka yangu, akirudi watamuua. Wakaniambia nikae, mimi si wakili.

Kesi ilikwisha kabla mama hajamaliza kusali.

Walimpandisha ndege. Bujumbura alikaa kwa kujificha, halafu akaanza safari ya barabara kurudi huku Johannesburg. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Msumbiji, akasema anaumwa homa lakini anakuja, mama asilie. Simu ikakatika. Hadi leo, ndugu wasomaji, haijalia tena...

Wakili alishinda. Sasa ni mheshimiwa.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia mama ukweli wa maneno yale ya ukumbini, nikalia, nikaomba anisamehe kwa kumficha. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, nauza mboga kwa Wazulu miaka yote hii. Angibazi ndiyo nisiijue?"

Nikashtuka. Kama alielewa, mbona aliendelea kucheza?

"Ningeacha, ukumbi mzima ungejua ni mwongo. Angeaibika mbele ya watu wake. Na mwanangu alikuwa mikononi mwake." Akatupa mizizi pembeni. "Nilicheza nikidhani nitamlainisha moyo. Nilicheza kwa ajili ya Désiré."

Nilitoka nje. Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Kile kitenge kimetundikwa kibandani kwangu. Wateja wanakipenda, wanataka niwashonee. Nawaambia kina mwenyewe.

Ndugu zangu mlio ugenini kama sisi, nawasihi! Anayewasaidia mshukuruni, lakini mwulizeni kwanza kama yuko tayari kuonekana nanyi. Na roho ya ndugu yenu msiiweke kwa mtu mmoja tu, hata awe mwema namna gani. Tafuteni wa pili, wa tatu, mapema, kabla jina halijaitwa. Yupo mtu anayekujua vizuri sana mezani kwako. Mbele za watu hakujui.

Na kama kuna msomaji aliye njia ya Tete, kule Msumbiji, akamwona kijana mrefu mwenye kovu kwenye nyusi, amwambie kwamba mama yake bado anapika chakula cha watu watatu.